SHINDILIA KWANZA, JENGA BAADAYE

Wazee wetu walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo ni ya kweli, nasi twayarudia kila siku. Lakini fundi mwashi mwenye uzoefu atakuambia kwamba kuna ufa usiozibika. Waupaka sementi leo, mvua ikinyesha wafunguka tena. Waupaka mara ya pili, kiangazi chaja nao wapanuka kuliko kwanza. Ufa wa namna hiyo haukuanzia ukutani. Ulianzia chini, katika udongo, siku ile nyumba ilipokuwa bado haijasimama.

Kwa familia nyingi za vijijini nyumba ya matofali na bati ndiyo mali kubwa kupita zote. Fedha za mavuno ya miaka mingi, ng'ombe waliouzwa, mshahara wa mwana aliye mjini, vyote vyaingia humo. Wengine huenda mbele zaidi: wanunua kiwanja kando ya barabara, wakajenga duka au vyumba vya kupangisha, ili kodi iwalipie watoto karo. Haya ni mambo mema. La ajabu ni kwamba mtu huyo atazunguka maduka manne akiuliza bei ya bati na rangi, bali udongo utakaobeba mali yake yote hataukagua hata kwa saa moja.

Basi leo tuzungumze habari ya udongo.

UDONGO UNA NAFASI NDANI YAKE

Kila mkulima aliyewahi kuuza mahindi kwa debe alijua jambo hili kabla ya mhandisi. Mnunuzi mjanja hulijaza debe, kisha hulitikisa na kulipigapiga ubavuni. Mahindi yaliyokuwa yamefika ukingoni hushuka, naye adai uongeze. Mahindi hayakupotea. Zilizopotea ni nafasi zilizokuwa kati ya punje na punje.

Udongo nao ni vivyo hivyo. Umefanywa kwa punje, nyingine kubwa kama mchanga, nyingine ndogo hata jicho halizioni, na kati yake mna hewa na maji. Ukiuchimba, waulegeza, na nafasi zaongezeka. Ndiyo maana kifusi kilichotoka shimoni huonekana kingi kuliko shimo lenyewe. Ukikirudisha kitabaki kichuguu juu. Lakini mvua zikipita, kichuguu chatoweka, hata pakawa na bonde.

Twayaona hayo makaburini. Watu wenye busara hawajengei kaburi kwa sementi mara baada ya mazishi. Hungoja masika yapite, udongo ukae, ndipo waite fundi. Mbona basi twasahau hekima hiyo tunapojenga nyumba ya kukaa walio hai? Twajaza kifusi ndani ya msingi asubuhi, na jioni twamwaga zege la sakafu juu yake.

Kushindilia maana yake ni kuzitoa zile nafasi za hewa kwa nguvu zetu wenyewe, kabla uzito wa nyumba na maji ya mvua hayajazitoa kwa wakati tusioutaka. Shambani twataka udongo uliolegea ili mizizi ipite. Chini ya nyumba twataka udongo ulioshikana kama njia ya ng'ombe, ambayo hata nyasi hazioti.

HASARA NI KUSHUKA UPANDE MMOJA

Kila nyumba hushuka kidogo. Ikishuka yote kwa pamoja, wenyewe hawatajua. Hasara huja pembe moja inaposhuka na nyingine inapobaki. Hapo ukuta wavutwa huku na huku, na kwa kuwa tofali halinyooki kama mpira, lapasuka.

Mfano unaojulikana duniani kote ni mnara wa kengele wa kanisa kuu la Pisa, nchini Italia. Ulianza kujengwa mwaka 1173. Msingi wake ulikwenda chini mita 3 tu, juu ya udongo laini wa mfinyanzi na mchanga, na mnara wenyewe ni wa marumaru, una uzito wa tani 14,500 hivi. Walipofika ghorofa ya tatu, mwaka 1178, kazi ilisimama. Ilianza tena mwaka 1272, na wakati huo mnara ulikuwa umekwisha kuanza kuinama. Mafundi walijaribu kuunyosha kwa kujenga upande mmoja juu kuliko mwingine, lakini uliendelea kuinama. Wataalamu wa siku hizi wasema kwamba ile miaka karibu 100 ya kusimama ndiyo iliyouokoa. Udongo laini ulipata muda wa kukamuliwa maji yake na kuwa mgumu. Kama wangalijenga bila kupumzika, mnara ungalianguka.

Mwaka 1990 serikali ya Italia iliufunga kwa hofu. Wahandisi walifanya kazi kwa miaka kumi na zaidi. Dawa iliyofaa mwishoni haikuwa kamba wala nguzo. Walichokonoa udongo kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini, ule uliokuwa umeinuka, mpaka mnara ukarudi nyuma. Kilele chake kilirudi zaidi ya sentimeta 40, na mwezi Desemba 2001 watu waliruhusiwa kupanda tena. Bado umeinama, lakini hauhofiwi kama zamani.

Huenda wasema, "Mimi sijengi mnara, najenga vyumba vitatu." Ni kweli, lakini kanuni ni ile ile, na kwetu yaonekana sana penye miteremko: Usambara, Kilimanjaro, Mwanza, Kisii na kwingineko kwenye vilima. Mtu apata kiwanja cha mteremko. Akata udongo upande wa juu, autupa upande wa chini, na papo hapo apata uwanja ulio sawa, mzuri kuuona. Lakini nusu ya uwanja huo ni ardhi ya tangu zamani, ngumu, na nusu ni kifusi cha juma lililopita. Akiweka nyumba katikati, nusu moja itasimama na nusu nyingine itashuka. Ufa utapita katikati ya nyumba, kutoka msingini hadi linta, pale hasa ardhi ngumu ilipopakana na kifusi.

Mwenye kiwanja cha namna hiyo afanye moja kati ya haya. Asogeze nyumba yote upande wa ardhi iliyokatwa. Au msingi wa upande wa chini aupeleke chini kwa ngazi, mpaka upite kifusi na kugusa ardhi ya asili. Au kifusi chenyewe akishindilie barabara, kwa ushauri wa mhandisi. Njia ya kwanza ndiyo ya gharama ndogo.

NAMNA YA KUSHINDILIA

Wengi hudhani wameshindilia kwa kuwa wamepiga juu. Wajaza kifusi kimo cha goti, wakanyaga kwa miguu, wamwagia maji mapipa mawili, wapiga kwa gogo dakika chache, kisha wasema tayari. Juu pamekuwa pagumu, chini pamebaki kama unga. Nguvu ya pigo la mkono haifiki mbali.

Namna iliyo njema ni hii:

1. Ondoa kwanza udongo wa juu wenye majani na mizizi. Vitu hivyo huoza, na vikioza huacha mashimo. Udongo huo upeleke bustanini.

2. Tumia kifusi kizuri. Changarawe nyekundu ile ya barabarani, ambayo mafundi huiita moramu, yafaa sana. Udongo mweusi wa mbugani haufai, wala takataka, wala mabaki ya miti.

3. Jaza tabaka kwa tabaka, kila tabaka sentimeta 15, yaani pungufu ya shubiri. Ukishindilia vema litashuka mpaka sentimeta 10 hivi. Basi kimo cha sentimeta 60 chataka tabaka 6. Usiruke hata moja.

4. Piga kwa kishindilio kizito. Gogo fupi la mti mgumu lenye mikono miwili lafaa, au kipande cha chuma chenye mpini, mradi kiwe kizito cha kutosha na mtu mmoja aweze kukiinua kutwa. Anza pembeni, ndipo uende katikati. Mwanzo sauti huwa nzito kama ya kupiga gunia. Udongo ukishikana, sauti hubadilika, na kisigino cha kiatu hakiachi alama.

Lakini neno kubwa kupita yote ni maji. Udongo mkavu haushikani, kwa maana punje zake zasuguana na kukataa kusogeana. Udongo wenye maji mengi nao haushikani, kwa maana maji yamechukua zile nafasi, nayo hayabanwi. Ukipiga hapa, pale pavimba. Katikati ya hali hizo mbili pana kiasi chake. Mwaka 1933 mhandisi wa Marekani, Ralph Proctor, aliyekuwa katika kazi ya mabwawa ya maji ya mji wa Los Angeles, alionyesha kwamba kila udongo una kipimo chake cha maji ambacho, ukiupiga kwa nguvu zile zile, hushikana kuliko kwa kipimo kingine chochote. Mpaka leo barabara na mabwawa hukaguliwa kwa kipimo chenye jina lake.

Mwenye nyumba hahitaji chombo cha maabara. Achukue konzi ya udongo, aufinye kwa nguvu, kisha auachie uanguke kutoka kimo cha mita moja juu ya ardhi ngumu. Ukitawanyika kama unga, ni mkavu mno: nyunyiza maji. Ukianguka ukabaki donge moja lililobonyea, umelowa mno: uanike. Ukivunjika vipande vinne au vitano, na kiganja hakikulowa, huo ndio wakati wa kushindilia.

Hivyo kumwaga maji mapipa kwa mapipa si kushindilia. Katika mchanga mtupu husaidia kidogo. Katika udongo wenye mfinyanzi ni kutengeneza matope.

Wala kazi hii si ngeni kwetu. Bibi zetu walinyunyiza maji, wakapiga sakafu ya udongo kwa vibao mpaka ikang'aa, na uwanja wa kupuria nafaka ulitengenezwa vivyo hivyo. Hawakumwaga maji ovyo, wala hawakupiga udongo mkavu.

UDONGO MWEUSI WA MBUGANI

Hapa twafika kwa adui mwingine, na kishindilio peke yake hakimwezi. Ni ule udongo mweusi, mzito, unaokaa mabondeni na katika nchi tambarare: mbuga za Usukuma, nyanda za Athi na Kano nchini Kenya, na sehemu nyingine nyingi. Wakati wa mvua hunata miguuni hata mtu ashindwe kwenda. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono waweza kuingia.

Sababu yake ni hii. Vipande vyake ni vyembamba mno, vimepangwa kama kurasa za kitabu. Maji yakija huingia kati ya kurasa, na udongo wavimba. Jua likiwaka maji yatoka, na udongo wasinyaa. Basi nyumba iliyosimama juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka, tena si kwa usawa. Maji yaliyo chini ya sakafu katikati hukawia kukauka, na pembeni hukauka upesi. Mlango unaokwama masika na kulegea kiangazi ndio dalili yake.

Kuushindilia udongo huu ukiwa mkavu kwaweza hata kuzidisha kuvimba kwake, maana umezibana kurasa pamoja, na maji yakija yatazifungua kwa nguvu. Dawa ni nyingine. Kama tabaka lake ni jembamba, chimba mpaka ulipite, uweke msingi juu ya ardhi ngumu, na chini ya sakafu jaza moramu badala yake. Kama ni nene, nyumba yataka mkanda wa zege wenye nondo kuizunguka yote, au msingi mwingine utakaopimwa na mhandisi. Gharama hiyo si ndogo. Kwa hiyo, mwenye nafasi ya kuchagua, achague kujenga palipoinuka penye mchanga na changarawe, na ile mbuga aiachie mpunga na pamba. Wazee wengi wa zamani ndivyo walivyofanya.

KABLA YA KUNUNUA KIWANJA

Kiwanja cha bei rahisi mara nyingi kina sababu ya kuwa rahisi. Kabla ya kutoa fedha, fanya haya.

Nenda ukakione wakati wa masika, si kiangazi tu. Tazama kama maji yatuama, na kama matete yaota.

Uliza wazee wa hapo: "Hapa palikuwa na nini zamani?" Pengine palikuwa shimo la kufyatulia matofali, au jaa la takataka, au choo, au kisima, au kidimbwi. Mwenye kuuza hujaza kifusi kwa siku moja, akasawazisha, na machoni pa mgeni pawe kiwanja safi. Mahali pa namna hiyo msingi hauwezi kukaa mpaka kifusi kile kitolewe chote, na shimo lijazwe upya tabaka kwa tabaka. Kichuguu cha mchwa nacho ni hivyo hivyo. Kukikata juu na kujenga ni kuacha matundu chini ya sakafu.

Chimba mashimo. Mashimo mawili au matatu katika pembe mbalimbali za kiwanja, yafike kifuani pa mtu mzima, yatakufundisha mengi. Tazama rangi ya udongo inavyobadilika. Ukikuta vipande vya plastiki, majivu au vigae chini, ujue ni kifusi. Ukikuta maji, ujue msingi wako utakaa majini. Vibarua watachimba kwa siku moja tu, nawe utakuwa umejua kabla ya kulipa.

Mwisho, zitazame nyumba za jirani. Nyufa zao ni barua uliyoandikiwa wewe.

KWA WENYE NYUMBA TAYARI

Msomaji mwingine atasema, "Nimekwisha kujenga, na nyufa ninazo. Nifanyeje?" Asikate tamaa, tena asikimbilie plasta. Kwanza ajue kama ufa watembea. Aweke alama za penseli kwenye ncha zake mbili, aandike tarehe, na aupime upana wake kwa rula. Baada ya miezi mitatu, na tena baada ya mvua, apime upya. Nyufa nyembamba kama unywele zilizotawanyika katika plasta mara nyingi ni za plasta yenyewe, si kitu. Ufa unaokwenda kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, kutoka pembe ya dirisha, tena wapanuka, watoka chini.

Mara nyingi tiba ya kwanza ni kuyafukuza maji. Maji ya paa yanayomwagika kando ya ukuta hulainisha udongo chini ya msingi. Weka mifereji ya bati, uyapeleke maji mbali, au uyapokee katika tangi. Zungusha nyumba sakafu ya zege upana wa mita moja, yenye mteremko wa kwenda nje. Karo la kuoshea vyombo na bafu visimwage maji penye msingi. Miti mikubwa nayo, hasa penye udongo wa mfinyanzi, hunyonya maji chini ya nyumba. Panda mbali, angalau kwa urefu ambao mti utafikia. Ufa ukiendelea baada ya hayo, mwite mhandisi kabla ya kutumia fedha nyingine.

WANAOJENGA GHOROFA

Kwa wenye fedha wanaojenga nyumba za kupangisha za ghorofa, macho na mikono haitoshi. Hapo ni lazima udongo upimwe na wataalamu, na msingi uchorwe na mhandisi aliyesajiliwa, kabla ya kuomba kibali cha ujenzi. Tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa sita lilianguka usiku katika mtaa wa Huruma, Nairobi. Watu karibu 50 walikufa. Jengo lilikuwa karibu na mto, na wakuu walikuwa wamekwisha kusema kwamba halifai kukaliwa. Makosa katika msiba kama ule huwa mengi, si ya udongo tu. Lakini wapangaji waliolala humo usiku ule hawakuwa na njia ya kujua yaliyokuwa chini yao. Aliyepokea kodi ndiye aliyepaswa kujua.

Tufanye hesabu. Nyumba ya vyumba vitatu ikijazwa kifusi kwa tabaka na kushindiliwa, huongeza siku chache za kazi kwa vibarua wanne, na maji ya mapipa machache. Kuvunja sakafu iliyobonyea, kutoa kifusi, kukirudisha na kumwaga zege upya, ni kununua sementi mara mbili, tena watoto wakilala kwa jirani. Na ukuta uliopasuka kwa msingi kushuka, mara nyingi haurudi kuwa kama kwanza kwa fedha yoyote ambayo mtu wa kijiji anayo.

Kwa hiyo, baba na mama mnaojiandaa kujenga baada ya mavuno, kaeni na fundi wenu mapema, mpatane juu ya tabaka hizo sita kabla hamjapatana juu ya rangi ya bati. Siku ya kujaza msingi asiachiwe fundi na vibarua peke yao. Mmoja wenu awepo tangu asubuhi, na kabla ya kila tabaka achukue konzi ya udongo, aifinye, aiangushe, aitazame.